Waliobaki MacDougal Street

Ukitaja muziki wa folk, nyimbo za jadi na gitaa, wa mikahawa ya Greenwich Village, New York, watu watakujibu kwa jina moja: Bob Dylan. Sina ugomvi naye. Ila mimi anayenijia kwanza ni Dave Van Ronk, pande la mtu kutoka Brooklyn, sauti imekwaruza kama mlango wa bati, aliyeuzoea mtaa wa MacDougal mpaka wakamwita meya wake.

Kwenye mtaa huo, namba 116, ndipo palipokuwa na Gaslight, mkahawa wa chini ya ardhi uliofunguliwa 1958. Pombe haikuuzwa mle. Mikahawa mingi ya jirani haikumlipa mwimbaji hata senti. Akimaliza nyimbo zake, kikapu kinapitishwa. Sisi wa taarabu tunaelewa kutuza, lakini kwetu mwenye kutuza huinuka, akacheza hadi mbele, wote wakamwona. Kikapu kinapita gizani. Ukitia sarafu moja ya aibu, nani atajua?

Van Ronk alifundisha watu gitaa, na Dylan kijana alikuwa akilala kwenye kochi lake. Kisha ukaja ule wimbo wa zamani, House of the Rising Sun. Van Ronk alikuwa ameupangia gitaa kwa namna yake. Mwaka 1961 Dylan akaurekodi vilevile kwa albamu yake ya kwanza, halafu ndipo akaenda kuomba ruhusa! Van Ronk mwenyewe akalazimika kuacha kuuimba, maana watu walidhani kamwiga Dylan. Mwaka 1964 The Animals, bendi ya Uingereza, wakauvumisha duniani, ikawa zamu ya Dylan kuambiwa kawaiga wao. Van Ronk alisimulia mkasa huo akicheka. Mimi nisingeweza.

Len Chandler naye? Mwimbaji Mweusi kutoka Akron, Ohio, aliyesomea muziki wa kizungu wa zumari yao, oboe, kabla ya kushika gitaa. Dylan alikiri kwamba muziki wa wimbo wake juu ya Emmett Till, kijana Mweusi aliyeuawa na Wazungu Mississippi, aliuchukua kwa Chandler. Agosti 1963 Chandler aliimba kwenye maandamano ya Washington ya kudai haki za Weusi. Amefariki 2023, na wengi wanaojiita wapenzi wa muziki huu hawamjui.

Mzee Mississippi John Hurt, mwimbaji Mweusi wa blues na gitaa, ndiye ananigusa zaidi. Alirekodi 1928, sahani za santuri hazikuuzika, akarudi shambani Avalon, kijijini kwake Mississippi. Vijana wakaja kumtafuta 1963, yeye karibu miaka 70, vidole bado vyepesi. Akapanda majukwaa ya mikahawa kwa miaka mitatu tu, akafa 1966.

Gaslight ilifungwa 1971. Van Ronk aliendelea kuimba na kufundisha palepale Village hadi kifo chake 2002. Miaka miwili baadaye, karibu na Sheridan Square, kipande cha mtaa kikapewa jina lake. Kifupi, lakini kutoka hapo hadi MacDougal unakwenda kwa miguu.