Tuzibe jicho la kamera au tumchunge mwenye kamera?

Mtengeneza programu akichoshwa na kamera za ulinzi zilizojaa kila kona, wazo lake la kwanza huwa ni kulikwepa hilo jicho. Wazo hilo si geni. Mwaka 2001 kikundi cha Institute for Applied Autonomy kilitoa iSee, programu ya mtandaoni iliyobeba ramani ya kamera za Manhattan. Ukiiambia ulipo na unakokwenda, ilikuchorea njia yenye kamera chache kuliko zote. Njia ya namna hiyo ni nadra kuwa fupi, na nahisi utamu wa programu ulikuwa hapo hapo: mtu alilipa kwa miguu yake gharama ya kutoonekana.

Ramani hazijafa. Wanaojitolea kuchora OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, huweka alama za kamera kama wanavyoweka za barabara na visima. Mwaka 2021 Amnesty International iliwakusanya maelfu ya watu mtandaoni wapekue picha za njia panda za New York, wakahesabu kamera 15,280 katika Manhattan, Brooklyn na Bronx. Malalamiko ya "kamera zimezidi" yakapata tarakimu ya kusimamia.

Wanaotetea kamera husema ramani hizi zinamwonyesha mwizi pa kupita. Kwa kamera ya barabarani, hoja hiyo sioni uzito wake: iliyotundikwa juu ya nguzo ili iwatie watu hofu ina siri gani ya kuvuja? Lakini ipo sehemu inapouma. Nyumba inayowahifadhi wanawake waliokimbia vipigo inaweza kuwa na kamera mlangoni, na alama ya ramani juu ya mlango huo inaweza kumfikisha mtu asiyetakiwa kufika. Mimi ningechora kamera za barabarani na za majengo ya umma, milango ya watu nikaiacha. Ramani itapungukiwa. Na ipungukiwe.

Kisha kuna wazo la kinyago, na hili ndilo linalowavutia wapenzi wa akili bandia. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walitoa Fawkes, programu inayogusa picha yako kidogo tu, jicho la mtu lisitambue, ila mashine inayojifunza sura ijifunze sura isiyo yako. Kazi ya ustadi kabisa. Tatizo ni kwamba wengi huielewa vibaya. Fawkes ilikusudiwa picha unazopandisha mwenyewe mtandaoni. Ukipita mbele ya kamera ya mlangoni na uso wako ule ule, haina la kukusaidia. Hata kwa picha za mtandaoni, watafiti wengine walionyesha baadaye kwamba anayezikusanya ana faida ya subira: anaziweka leo, anazijaribu kwa mashine mpya ya kesho, na wewe huwezi kurudi nyuma ukaibadilisha picha aliyokwisha kuichukua. Anayeniuliza kama aanze mradi wa aina hii humwambia aufanye kama utafiti, asiwagawie watu wenye hofu ya kweli. Mtu aliyeambiwa amekingwa hujiachia.

Kuziba nyuso kwenye picha kabla ya kuisambaza ni jambo la kawaida zaidi na lenye manufaa zaidi. Programu ya simu ya ObscuraCam ilifanya hivyo tangu 2011, na Signal, programu ya kutumiana ujumbe, ikaongeza kifaa cha kufifisha nyuso Juni 2020, wakati wa maandamano ya Marekani. Ila kufifisha nako kuna mtego. Mwaka 2016 watafiti walifundisha mashine kutambua nyuso zilizotiwa ukungu au kuvunjwa vipande vipande vya miraba, na ikazitambua kwa kiwango cha kutia wasiwasi. Anayeanza leo basi apake mraba mweusi uliojaa, usioacha hata chembe ya picha ya chini, na afute maelezo ya mahali na saa yanayojificha ndani ya faili. Mradi mdogo huo, unaisha.

Mpaka hapa nimesema kana kwamba kamera ni adui mtupu. Sivyo. Mwaka 2019 mtafiti wa uhalifu Eric Piza na wenzake walichapisha mapitio ya tafiti za miaka 40, wakakuta uhalifu ulipungua kwa takriban asilimia 13 penye kamera ukilinganisha na pasipo nazo. Nguvu yake kubwa ilionekana kwenye maegesho ya magari. Kwa uhalifu wa kuumiza watu, hawakuona tofauti ya kutegemewa. Kwa hiyo anayesema kamera hazisaidii kitu anakosea, na anayeuza kamera kama dawa ya kila uovu anakosea zaidi. Mtu anayefanya kazi peke yake usiku ana haki ya kutaka moja juu ya kichwa chake.

Ukiangalia madhara yaliyokwisha kutokea, mengi hayakutokea mbele ya kamera, yalitokea nyuma yake. Mwaka 2016 virusi vya Mirai viliteka kamera na mashine za kurekodi ambazo wenyewe hawakubadilisha nywila za kiwandani, vikazigeuza jeshi la kushambulia mitandao. Machi 2021 wavamizi waliingia kwenye mfumo wa Verkada, kampuni ya kamera za ulinzi, wakafikia picha za kamera zipatazo 150,000, zikiwemo za hospitali na magereza. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki Ring, kampuni ya kamera za nyumbani, kwa kuwaachia wafanyakazi wake watazame video za faragha za wateja, na kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5.8. Katika matukio yote matatu, ramani wala kinyago visingefaa kitu.

Mradi ambao ningeupigia debe, kwa hiyo, hauna mvuto wowote: daftari la nani alitazama nini. Kila anayefungua rekodi anaacha mstari. "Jumanne, saa 4:12 usiku, zamu B, kamera ya 6, dakika 18, sababu: haikuandikwa." Huo mstari mmoja unauliza maswali mengi kuliko maandamano. Ili usifutwe kimyakimya, kila mstari unabeba alama ya kihisabati iliyokokotolewa kutoka mstari uliotangulia. Ukibadilisha mmoja, yote inayofuata inagoma kulingana. Alama ya mwisho ya kila siku inatumwa kwa mtu wa nje, tuseme kamati ya wapangaji. Rekodi zenyewe zinasimbwa, yaani zinafungwa zisisomeke bila ufunguo, kila siku na ufunguo wake. Siku 14 zikipita ufunguo unaharibiwa, na nakala zilizosahaulika kwenye seva nyingine zinabaki takataka zisizosomeka.

Udhaifu wake naujua. Daftari huandika kilichopita mlangoni kwake tu. Mlinzi akiinua simu yake akapiga picha skrini, mstari unasema alitazama, hausemi alichukua. Mwenye kamera anaweza asiiweke kabisa, au aiweke abandike tangazo ukutani ili watu watulie. Bila sheria ya kumlazimisha, programu hii ni hisani.

Sheria, mahali pengine, ipo. Katika Umoja wa Ulaya mtu anaweza kudai nakala ya rekodi aliyomo, na tangu hukumu ya Desemba 2014 ya Mahakama ya Haki ya Umoja huo, hata kamera ya nyumbani inayomulika njia ya umma haichukuliwi tena kama shughuli ya ndani ya familia tu. Udhuru rahisi wa mwenye kamera ni kwamba picha ina watu wengine. Basi tengeneza kifaa kinachomwacha mwombaji aonekane na kuwapaka weusi waliobaki, udhuru uishe. Hapa watengeneza programu hutegwa tena: ili kumtafuta mwombaji kwenye saa nyingi za rekodi, mkono unakimbilia kwenye utambuzi wa sura, na ombi la faragha linageuka sababu ya kusajili sura yake. Hakuna haja. Fomu iulize saa, mahali na mavazi. "Saa 8 hadi 8:20 mchana, mlango wa kaskazini, koti la bluu" inamtosha mtu mwenye macho mawili kumpata.