Potosí: uingie mgodini au uishie mjini?

Kuna jamaa yangu yuko Santiago, Chile, kwa kozi ya miezi minne, ana likizo ya wiki mbili anataka kupanda Bolivia kwa basi, akanitumia meseji yenye swali moja tu: "Kaka, nikifika Potosí niingie mgodini au nisiingie?" Nikamtumia voisi ya dakika saba. Akanijibu hajaelewa nimekubali au nimekataa, na kiukweli nilipoisikiliza tena hata mimi sikuelewa. Sasa ngoja niiandike, labda itakaa sawa.

Kwa asiyeijua, Potosí iko kusini mwa Bolivia, mji ambao katikati yake unaimaliza kwa mguu asubuhi moja, ila utaimaliza unahema kama umebeba gunia, maana uko zaidi ya mita 4,000 kutoka usawa wa bahari. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu ataelewa, Horombo ni mita 3,720, yani watu wa Potosí wanaamka, wanapeleka watoto shule na wanacheza mpira juu ya Horombo. Nyuma ya mji umekaa mlima mwekundu kama pembetatu, Cerro Rico, mlima tajiri, karibu mita 4,800. Madini ya fedha yalionekana pale mwaka 1545, na mwanzoni mwa miaka ya 1600 mji ulikuwa umefika watu kama 160,000, kwenye baridi, juu kusikoota hata mahindi. Wahispania mpaka leo kitu cha thamani kubwa wanasema "vale un Potosí", kina thamani ya Potosí nzima.

Mlima ule bado unachimbwa, na hapo ndo ishu yote ilipo. Ukilipia ziara ya mgodini, asubuhi unapandishwa kwenye gari, mnapita soko la wachimbaji mnunue zawadi: majani ya koka, soda, sigara, na baruti, ndiyo, baruti imepangwa mezani pamoja na fyuzi zake kama biskuti na hakuna anayekuuliza kitambulisho. Kuna na pombe ya asilimia 96, gongo yetu ni maji ya watoto. Mnavalishwa gambuti na helmeti yenye taa, mnaingia shimoni saa moja au mbili, mnapishana na watu wanaosukuma toroli la mawe kwenye reli, shavu moja limevimba koka kama mla mirungi wa Mombasa, kisha mnatoka mnaenda kula.

Wanaopinga wana hoja na sitaki kuipuuza. Kule ndani kuna vumbi la mawe ambalo linaganda kwenye mapafu, wengi wanaugua silikosisi na kufa kabla hawajazeeka. Kuna gesi, kuna mbao za zamani zinazoshikilia dari, kuna milipuko ya shimo la jirani ambayo unaisikia kifuani kabla ya masikio. Na wewe umelipa kiingilio uone hayo. Mimi kipimo changu huwa ni rahisi, nageuza picha: fikiria gari linashusha wageni kumi wenye kamera pale Mererani, wanateremka kwenye shimo la wanaapolo, mmoja anamwambia kijana mwenye kifusi begani asimame kidogo apigwe picha. Tungewasema wiki nzima. Tena sisi mjadala huu tunaujua, zile ziara za Kibera zimegombewa miaka, kuna anayesema zinaleta hela mtaani na kuna anayesema umaskini umegeuzwa mbuga ya wanyama. Ukikasirika kwa Kibera halafu ukajipiga selfi Cerro Rico jiulize vizuri.

Ila upande wa pili nao hausemi ujinga. Wanaoongoza hizi ziara wengi ni waliokuwa wachimbaji wenyewe, au watoto wa wachimbaji, na kwa mtu aliyeanza kuingia shimoni akiwa kijana, kupata kazi ya kuingia saa mbili na kutoka badala ya kukesha humo ni njia ya kuondoka na mapafu yake. Ukiwaambia wageni wote wasusie, wa kwanza kurudi kwenye vumbi ni huyo. Halafu kuna kitu sikukitegemea: jamaa niliowakuta ndani hawakuwa na sura ya watu wanaoonewa huruma. Walituuliza maswali kuliko sisi tulivyowauliza, mmoja akataka kujua kwetu mchimbaji anapata kiasi gani kwa siku, nikaona aibu kwamba sina jibu. Wana kiburi na kazi yao, na hicho kiburi nacho ni ukweli wa pale kama vumbi lilivyo ukweli.

Na bosi wa kumsuta hayupo, hii inawachanganya wengi. Zamani bosi alikuwa shirika la serikali, Comibol, lakini mwaka 1985 bei ya bati duniani ilianguka, serikali ikapunguza maelfu ya wafanyakazi, wengine wakakimbilia mji wa El Alto na eneo la Chapare, waliobaki wakajikusanya kwenye vyama vya ushirika. Chama kina eneo lake, mwanachama anachimba mshipa wake na analipwa kwa alichotoa, akikosa amekosa. Siku hizi fedha safi ni ya kubahatisha, kinachotoka zaidi ni mchanganyiko wa zinki, risasi, bati na fedha kidogo. Kwahiyo ukisusia hakuna kampuni itakayoshtuka.

Lakini hapohapo mimi na watetezi wa ziara tunaachana, pale wanaposema "ukiingia unawasaidia." Hapana bwana. Soda mbili na mfuko wa koka ni adabu tu, kama unavyoingia kwa mtu na sukari kilo moja. Maisha ya yule mchimbaji yanaamuliwa na bei ya zinki, na bei ya zinki inapangwa London. Ukienda, kubali kwamba umekwenda kwa ajili yako, kujua, na umelipia kujua. Huo ni mkataba wa haki kabisa, ila usiupake rangi ya msaada. Na ule mchezo wa kulipua baruti nje ya shimo ili wageni warekodi video, huo sina cha kuupima, ni upuuzi, mlima wenyewe unabomoka. Mwaka 2011 kilele kilitumbukia kikaacha shimo, wakaanza kukijaza, na mwaka 2014 UNESCO, waliouweka mji kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1987, wakauweka pia kwenye orodha ya walio hatarini kwa sababu uchimbaji hauna mpangilio. Wachimbaji nao wanajibu, tukisimama tutakula nini, kilele?

Sasa kuna hoja ya tatu, watu wengi wanaipita na mimi ndo inanisumbua. Wageni wengi wanatoka Sucre asubuhi, basi kama masaa matatu, wanaingia mgodini, kesho wako Uyuni kwenye jangwa la chumvi. Wanachoondoka nacho ni watu weusi kwa vumbi na sanamu ya El Tío, yule shetani mwenye pembe anayewekewa sigara mdomoni. Tío maana yake mjomba, wanamwita hivyo kwa sababu juu ni mambo ya Mungu na chini ni ya mwenye mlima, na mwenye mlima unamwita jina la udugu asije akakasirika. Kwa mtu wa pwani hiyo haihitaji maelezo, ila mgeni anaiona kichekesho. Mji wa karibu miaka 500 unabaki shimo moja na pepo mmoja.

Wakati nusu ya maelezo ya lile shimo iko mjini, Casa de la Moneda, kiwanda cha kupigia sarafu, jengo kubwa la mawe lililokamilika mwaka 1773. Ndani yake bado zimesimama mashine za mbao zenye magurudumu makubwa ya meno, zilizokuja kwa meli kutoka Hispania halafu zikapandishwa milimani. Zilizungushwa na nyumbu chini yake, wakizunguka gizani mpaka wafe. Na Waafrika waliotiwa utumwani walifanya kazi kwenye kiwanda hicho, kizazi cha Waafrika wa Bolivia leo kiko zaidi huko Yungas, mabondeni, na katiba ya 2009 inawataja kwa jina. Ukitoka hapo unaelewa pia "mita", si ya kupimia, ni ule utaratibu wa kazi ya lazima ambao gavana mkuu wa Wahispania, Toledo, aliukaza miaka ya 1570, kila mwaka wanaume kama 13,000 wa vijijini wanahesabiwa na kupelekwa mlimani kwa zamu, wengine wakitembea wiki nyingi na familia nyuma. Mgodini utaambiwa walikufa milioni nane. Wanahistoria wengi hawaikubali hesabu hiyo, na mimi naona haihitajiki, kijiji kinachotoa mwanaume mmoja kati ya saba kila mwaka kimeshaumia bila kuongezewa sifuri.

Mimi kilichonisimamisha pale ni kabati la sarafu. Kuna zenye nguzo mbili, nguzo za Hercules, alama ya mfalme wa Hispania. Nikakumbuka reale. Pwani yetu ilihesabu kwa reale zamani, pembe, karafuu, na watu pia tusijifiche, na jina lenyewe limetoka kwenye real ya Wahispania. Wazee walikuwa na reale ya Sham na walikuwa na reale ya mzinga, na hiyo ya mzinga ni hii hii yenye nguzo, wao wakiziangalia waliona mizinga imesimama. Sisemi kila reale ya mzinga iliyofika Zanzibar ilitoka mlima ule, Mexico na Lima nazo zilipiga nyingi. Ila zingine zilitoka. Nilikuwa nimejiona mgeni kabisa, kumbe neno nililokuwa nalo nyumbani lilishapita mikononi mwa watu wale.

Kwahiyo jibu langu kwa jamaa, kama lingekuwa na mpangilio, lingekuwa hivi: lala Potosí usiku mbili, siku ya kwanza usifanye kitu zaidi ya kunywa chai ya koka na kutembea polepole mpaka San Lorenzo uone ule mlango wa kanisa uliochongwa na mafundi wenyeji. Siku ya pili Casa de la Moneda kwanza, halafu ndo uamue mgodi, na ukiamua kwenda chagua aliyekuwa mchimbaji, kamera iache kwenye begi, baruti isiguswe. Mimi niliingia na sijutii, lakini ingekuwa nimeingia kabla ya kuona zile mashine ningetoka na stori ya kutisha tu. Pia acha siku moja ya akiba, Potosí wakigoma wanafunga barabara, mwaka 2010 walifunga siku 19 na watalii walinasa humo.

Nilishamaliza kumwandikia yote hayo ndo ananijibu: "Poa kaka, ila kuna kitu nilisahau, bado natumia ile pampu ya pumu."

Jamani. Basi mjadala wote hauna maana kwako, daktari wako akikuruhusu hata kufika mita 4,000 shukuru, shimo sahau. Asubuhi wenzio wakienda kuvaa gambuti wewe tafuta k'alapurka, supu nzito ya mahindi wanayoitia jiwe la moto mezani inachemka mbele yako, kula taratibu.