Usiniambie nizime simu

Juzi usiku mdogo wangu wa kike alinitumia sauti ya dakika nne. Mwanamke anayejiita daktari anaeleza, huku akilia, jinsi wagonjwa wanavyokata roho wodini. Niliitambua mara moja: ni ileile iliyozunguka mwaka 2020, ila sasa imepachikwa jina la ugonjwa mwingine. Chini yake ameandika: "Kaka, jihadhari." Sikupata usingizi hadi saa tisa.

Hayo maneno mawili ndiyo yaliyoniuma. Mdogo wangu ananipenda, na upendo huo ndio uliobeba hofu hadi kitandani kwangu. Ndiyo maana nakasirika nikisikia ushauri wa "zima simu upate amani". Wakati wa korona hofu yangu haikuletwa na watu baki. Ililetwa na mama mdogo, na jirani, na rafiki niliyesoma naye. Utamzimaje mama mdogo? Na baba yangu alipotengwa chumbani siku 14, simu ndiyo iliyokuwa mlango wake. Jioni tulisali naye, akamsikiliza mjukuu akisoma kwa kugugumia. Kumwambia azime simu ingekuwa kumfungia mara ya pili.

Madhara yapo, sikatai. Utafiti uliofanyika China mwanzoni mwa 2020 kwa watu 4,872 ulikuta kwamba walioshinda kwenye habari za ugonjwa mitandaoni ndio walioelekea zaidi kuwa na wasiwasi, ingawa utafiti wa aina hiyo hausemi kipi kilitangulia: huenda mwenye hofu ndiye anayechungulia simu kila dakika. Shirika la Afya Duniani nalo lilishauri tutafute habari mara moja au mbili kwa siku, kwa saa maalumu. Nilijaribu, na nakiri kulinisaidia. Lakini saa maalumu haiuzuii ujumbe unaobisha hodi wenyewe usiku wa manane.

WhatsApp walipobana, Aprili 2020, ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi ukawa unapelekwa kwa mtu mmoja au kundi moja tu kwa mara moja, na usambazaji wa jumbe za namna hiyo ukashuka kwa asilimia 70, kwa hesabu yao wenyewe. Kumbe kikwazo kidogo tu kilitosha watu wengi waache. Hatukuwa na haja kubwa ya kusambaza. Tulikuwa na haja ya kumwambia mtu kwamba tunamuwaza, tukakosa maneno, tukamtumia maiti.

Asubuhi nilimpigia mdogo wangu. Naye hakuwa amelala. Tulizungumza karibu saa nzima, ugonjwa tukaugusa mwishoni tu, sauti yake ikiwa imetulia. Akaniuliza kama aifute ile sauti kwenye kundi la familia. Nikamwambia aifute, halafu ampigie shangazi, maana shangazi anaishi peke yake na alikuwa ameshaisikiliza.