Mimi nilimtazama aliyetolewa

Fainali ya futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu, ile ya Januari 2018, husimuliwa kwa pasi moja tu: yadi 41, muda wa nyongeza, Alabama 26, Georgia 23. Sawa, pasi ile ilikuwa tamu. Lakini kila nikiirudia video, macho yangu hayamfuati aliyeirusha. Yanamtafuta aliyewekwa benchi.

Huku kwetu ilikuwa inaanza saa kumi alfajiri. Simu nimeiegemeza kwenye birika, sauti nimeizima nisiamshe nyumba. Kufika mapumziko Alabama wako nyuma 13–0 na kwotabeki wao, Jalen Hurts, mambo yamemkataa. Kwotabeki ndiye injini. Karibu kila shambulizi linaanzia mikononi mwake. Huyu alikuwa na miaka 19, na tangu apewe namba alikuwa amepoteza mechi 2 tu kati ya 27. Kocha Nick Saban akamtoa. Akaingia Tua Tagovailoa, kijana wa Hawaii anayerusha kwa mkono wa kushoto, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Kwenye soka, namba yako ikishawaka kwenye kile kibao pembeni, basi, siku yako imeisha. Hurudi. Ndiyo maana mtu anapiga teke chupa za maji na kupitiliza vyumbani bila kumpa kocha mkono. Wenzetu hawana kikomo cha kubadilisha wachezaji: aliyetoka sasa hivi anaweza kuitwa tena dakika hiyohiyo. Kwa hiyo unatoka, lakini bado uko kazini. Rafiki yangu mmoja anasema nakuza mambo, kwamba yale ni malezi ya nyumbani tu. Huenda. Mimi bado naamini sheria ile inalea.

Maana Hurts hakununa. Alisimama pembeni akimshangilia mtu aliyemnyang'anya namba. Georgia walipopata alama 3 kwa mkwaju wa yadi 51 katika muda wa nyongeza, na Tua akang'ang'ania mpira hadi akaangushwa yadi 16 nyuma, kosa la kitoto kabisa, mwingine angechekea moyoni. Jaribio lililofuata palepale, Tua akamwona mwenzake DeVonta Smith amechomoka upande wa kushoto. Kwisha habari. (Saban mwaka ule alivuna zaidi ya dola milioni 11, vijana hawa hawakuwa na mshahara. Hilo nitalirudia siku nyingine, linanipandisha presha.)

Msimu uliofuata namba ikawa ya Tua. Hurts angeweza kufungasha akatafute chuo kingine, akabaki.

Desemba 1, 2018, fainali ya kanda yao ya SEC. Uwanja uleule wa Atlanta, Georgia walewale. Robo ya mwisho, Alabama wako nyuma 28–21, Tua anatoka akichechemea, kifundo cha mguu kimeumia. Anaitwa Hurts. Akarusha moja ya kusawazisha. Kisha, imebaki kama dakika moja, akaona mwanya, akaubana mpira kifuani, akakimbia mwenyewe yadi 15 mpaka ndani. 35–28.

Siku hiyo sauti niliifungulia. Nyumba nzima ikaamka.