B-flati na Kidole Changu cha Shahada

Aliyenishawishi kununua ukulele, yaani gitaa dogo, aliniapia kwamba ina nyuzi nne tu, tena za nailoni zisizochubua vidole, na kwamba hata mtoto huimudu upesi. Kwa kodi ya C (kodi ya muziki, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) hakudanganya: unabana uzi wa A peke yake (kila uzi huitwa kwa sauti yake) kwenye freti ya tatu, yaani nafasi ya tatu kati ya vijiti vilivyokatiza shingo, unapiga, na nyumba nzima inakuita mwanamuziki. F nayo hutaka vidole viwili tu. Tatizo ni kwamba nyimbo za ufunguo wa F, yaani zinazoegemea sauti ya F, baada ya kuzungukazunguka baina ya F na C, hazikosi kupitia kwa jirani yao wa tatu, kodi ya B-flati, na huyo hapokei mgeni bila kumtesa kwanza.

Masharti yake ni haya: kidole cha shahada kilale freti ya kwanza kikibana uzi wa E na wa A kwa pamoja, cha kati kiende uzi wa C freti ya pili, na cha pete kijinyooshe hadi uzi wa G freti ya tatu. Kwenye mchoro inapendeza. Mkononi, nikikilaza vizuri cha shahada, cha pete kinanyanyuka kana kwamba kina swali kwa mwalimu. Nikikirudisha cha pete, uzi wa E unajichimbia kwenye mkunjo wa kiungo cha shahada, penye nyama laini isiyo na msaada wowote. Nyuzi tatu zinaimba, mmoja unakohoa, na watu wa nyumbani, kwa kukosa shukrani, humsikia mkohoaji tu.

Washauri hawapungui. Mmoja anasema nibane kwa nguvu, mwingine anasema nguvu ndiyo inayoniharibia, na wa tatu anataka nikigeuze kidogo kidole cha shahada kiegemee ubavu wenye mfupa (huyu yuko sahihi, na anavyolijua hilo ndivyo anavyonikera). Kumbe freti ya kwanza imepakana na kile kijiti kinachoinua nyuzi juu ya shingo, na kijiti hicho kikiwa kirefu kupita kiasi, kuzibana hapo ni kazi ya mikono miwili. Umbo lilelile nikilisogeza freti moja mbele, linakuwa B na linashikika kwa urahisi zaidi, ila nyimbo ninazozipenda hazina haja hata kidogo na B.

Nimeshauriwa pia nihamishie wimbo kwenye ufunguo wa C. Huko chini koo langu haliteremki, na huko juu halipandi.

Lakini anayeniudhi kuliko wote ni kidole cha mwisho, ambacho katika kodi hii hakikupangiwa kazi yoyote. Kinakaa hewani kutwa kikitazama wenzake wakitaabika, na ikifika jioni ndicho cha kwanza kuuma.