Duka kujiwekea umri wa kuuza bunduki: kinachobadilika kaunta

Februari 28, 2018, wiki mbili baada ya wanafunzi 14 na watumishi 3 kuuawa kwa risasi shuleni Parkland, Florida, kampuni ya Dick's Sporting Goods, yenye maduka ya vifaa vya michezo, ilitangaza kwamba haitamuuzia bunduki mtu asiyetimiza miaka 21. Siku hiyohiyo Walmart, kampuni ya maduka makubwa, ikafanya vivyo hivyo, risasi zikiwemo. Sheria ya shirikisho ya Marekani haikuwa imeguswa. Je, duka lijiwekee umri unaozidi wa sheria?

Sheria hiyo, ya mwaka 1968, inamkataza muuzaji mwenye leseni kumuuzia bastola aliye chini ya miaka 21. Kwa bunduki ndefu inatosha 18. Kwenye karatasi ni rahisi. Kwenye kaunta, AR-15 (bunduki inayofanana na ya kijeshi) iliyokamilika ni bunduki ndefu, kwa hiyo 18. Kiunzi chake kitupu, kile chuma chenye namba ya utambulisho, hakihesabiki kuwa bunduki ndefu, kwa hiyo 21! Risasi ndogo za kipimo cha .22 nazo hutumika kwenye bastola na bunduki ndefu pia, na mwenye miaka 19 huuziwa iwapo muuzaji ameridhika kuwa ni za bunduki ndefu. Ataridhika vipi zaidi ya kuuliza? Duka likiweka 21 kwa kila kitu, mashine ya malipo inadai tarehe ya kuzaliwa na kukataa yenyewe, karani asibaki kukisia. Kwangu hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande wa maduka, na haisemwi sana.

Tena si jambo geni duka kuizidi sheria. Uchunguzi wa mnunuzi usipopata jibu ndani ya siku tatu za kazi, sheria ya shirikisho inamruhusu muuzaji kukabidhi silaha. Walmart ilikuwa imekwisha kuamua miaka mingi nyuma kwamba bila jibu la kuruhusu, haikabidhi.

Wapinzani huanza na Katiba, na hapo wanateleza: Marekebisho ya Pili, yanayolinda haki ya kumiliki silaha, yanaibana serikali, hayambani mwenye duka. Penye nguvu ni sheria za majimbo. Oregon inakataza biashara kumbagua mteja kwa umri akishafikisha miaka 18, na Michigan pia ina sheria inayotaja umri. Ndiyo maana mwaka huohuo wa 2018 vijana wa majimbo hayo mawili, mmoja wa miaka 20 na mwingine wa 18, walifungua kesi. Jimbo likitaka maduka yawe na uhuru huo, bunge lake liandike wazi kwamba kubagua kwa umri katika kuuza silaha kunaruhusiwa, kama inavyofanyika kwa pombe. Kumwachia meneja wa tawi avunje sheria kwa nia njema si ulinzi.

Hoja yao nyingine ni ya umbali. Mjini, kijana aliyekataliwa anavuka barabara na kuingia duka jingine. Kijijini, ambako duka kubwa pengine ndilo pekee na bunduki ya marisau ni chombo cha kuwindia, sera ya kampuni inakuwa sheria kwa vitendo, na hakuna aliyeipigia kura. Kwa hiyo sera inauma zaidi pale bunduki ilipo chombo cha kazi, na inauma kidogo penye maduka mengi. Dick's yenyewe iligundua kwamba muuaji wa Parkland alinunua kwao bunduki ya marisau Novemba 2017, lakini ile aliyoulia aliipata kwingine. Pengo la namna hiyo huzibwa na sheria ya wote: Florida ilipandisha umri hadi 21 Machi 2018, na sheria ya shirikisho ya 2022 iliruhusu hadi siku 10 za kazi za kuchunguza rekodi za mnunuzi aliye chini ya miaka 21.

Duka likishaamua, kazi ngumu ni baba. Kijana wa miaka 19 anarudishwa, kesho anakuja na mzazi. Mzazi akinunua kwa fedha zake ili ampe zawadi, ni halali kama kijana anaruhusiwa kumiliki. Lakini kijana akiwa ndiye aliyetoa fedha, na mzazi akajaza fomu 4473, ile ya shirikisho ya kununulia silaha, kwamba yeye ndiye mnunuzi halisi, ni uongo unaoweza kumfunga. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema mwaka 2014 kwamba hata aliyenunuliwa silaha akiwa na haki ya kumiliki, uongo huo haufutiki. Basi karani anayewaona wawili hao kaunta aulize fedha ni za nani kabla kalamu haijagusa fomu.