Baiskeli Isiyo na Mzigo

Ukiendesha baiskeli Mombasa na keria haina kitu, watu hukuuliza gari limepatwa na nini. Baiskeli ya mkate inaeleweka. Ya samaki, ya maji, ya tembo la mnazi, zote zinaeleweka. Hata wale vijana wa helmeti na suruali za kubana, wanaotoka alfajiri kwenda Kilifi na kurudi jua halijakolea, wameshazoeleka: hao wako mazoezini. Lakini mtu mzima aliyejipandia baiskeli yake Jumapili, hauzi kitu, hashindani na mtu, anakwenda tu kutazama mashamba na magofu na kurudi alasiri? Huyo ana lake jambo.

Mimi nasema huyo ndiye anayeifaidi baiskeli. Na nasema pia kwamba sisi wa kisiwani tumezungukwa na njia nzuri mno za matembezi ya aina hiyo, ila mlango wa kuzifikia tumefungiwa.

Nianze na njia zenyewe. Ukiiacha barabara ya Malindi pale Mtwapa ukaingia ndani, haupiti muda kelele za magari zimekwisha. Umo katika vijia vya mchanga na mawe ya matumbawe, katikati ya minazi, mikorosho na miembe. Hakuna ofisi ya utalii iliyovichora. Vimekanyagwa na wagema, wachuuzi wa samaki na watoto wa shule, na kwa hiyo vinapita mahali panapopitika. Itazame baiskeli ya mgema kwa karibu uone. Keria imeongezewa vyuma, madumu ya manjano yamening'inia huku na huku na jingine limekaa juu, yote yamekazwa kwa mipira iliyochanwa kwenye tyubu kuukuu. Mdomoni mwa dumu hakuna kifuniko, kuna kizibo cha majani yaliyosokotwa, kwa kuwa mnazi mbichi huendelea kuchachuka njiani na ukiubana kabisa dumu linavimba. Mtu aliyebeba mzigo wa namna ile haingii barabara kuu mpaka alazimike. Anajua kijia kipi mchanga wake unameza gurudumu na kipi ni kigumu hata baada ya mvua. Nikipotea huko ndani, sihangaiki na ramani ya simu. Namsalimia mgema, nakaa nyuma yake.

Kwa vijia hivyo unafika Jumba la Mtwana bila hata kutoka jasho la maana. Mji ule ulijengwa karne ya 14 na kuhamwa katika ya 15. Zimebaki kuta za nyumba, misikiti, na ule msikiti wa baharini ambao kando yake kuna kaburi lenye maandishi ya Kiarabu yanayokumbusha kwamba kila nafsi itaonja mauti. Anayekuja kwa gari hushuka, akapiga picha, akaondoka na picha za magofu. Aliyekuja kwa baiskeli ameshapita njiani penye visima, amepita watu wakichonga matofali ya matumbawe kwa ajili ya nyumba za mwaka huu, na akiingia kule ndani anaona kwamba jiwe ni lile lile. Huhitaji kuelezwa kwamba mji ule ulikuwa wa watu kama sisi. Umekuja nao njia nzima.

Hapo ndipo ninapoona mwendo wa baiskeli unaifaa historia ya pwani yetu kuliko chombo kingine chochote. Kwa miguu ni mbali na jua ni kali. Kwa gari unayaona yale makubwa tu, Fort Jesus na Gede, na yaliyo katikati unayapita ukiwa umefunga vioo.

Rabai nayo ni habari nyingine, maana kule kuna vilima na mapaja yatakuuma. Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walijenga kituo chao cha misheni huko mwaka 1846, na ni kutoka huko Rebmann alikwenda kwa miguu hadi akaiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, kisha wataalamu wa Ulaya wakambishia kwamba theluji haiwezi kuwako karibu na ikweta. Kituo kipo hadi leo, na makumbusho yake madogo. Juu ya vilima vile kuna misitu mitakatifu ya kaya, yaani makazi ya kale ya Wamijikenda, misitu ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Na hapa niseme wazi: kaya si mahali pa kupitisha gurudumu. Unaegesha baiskeli nje, unawatafuta wazee, unaomba ruhusa, na ukiambiwa leo hapana, basi ni hapana. Udongo wa huko pia si mchanga wa Mtwapa. Ni mfinyanzi, masika yakianza unaganda kwenye breki na madigadi mpaka magurudumu yanakataa kuzunguka, na utaibeba baiskeli iliyotakiwa ikubebe wewe. Subiri ukauke.

Na ujue upepo. Wakati wa kusi ukianza safari kwa kwenda kaskazini, asubuhi utajiona bingwa kwa vile unasukumwa, halafu jioni umechoka na unarudi ukiukabili usoni. Bora uanze na kazi ngumu. Kaskazi ukiingia, geuza hesabu. Wavuvi wanalijua hili tangu utotoni. Waendesha baiskeli hulijifunza kwa magoti.

Huko Uhispania, tangu mwaka 1993 wamekuwa wakizigeuza reli zilizoachwa kuwa njia za baiskeli na za waendao kwa miguu, na sasa zimepita kilomita 3,000. Uingereza walifanya hivyo kati ya Bristol na Bath kuanzia 1979, na wafanyakazi wa kujitolea walikuwa mstari wa mbele. Siri ya njia hizo ni rahisi: garimoshi halipandi mlima mkali, kwa hiyo reli ililazwa kwa mteremko wa taratibu, na leo bibi wa miaka 70 na mjukuu wake wanaimudu. Magari hayaruhusiwi. Stesheni nyingine zimekuwa mahali pa kula.

Kwa hiyo tangu reli mpya ya SGR ilipoanza mwaka 2017 nimesikia watu wakisema nasi tuing'oe ile reli ya zamani, ile iliyoanza kujengwa hapa mwaka 1896, tuifanye hivyo hivyo mpaka Mazeras. Sikubaliani nao. Reli ni mali, na mizigo ya bandari haina mwisho. Halafu reli za Wahispania zilikuwa zimeshaachwa, na sisi njia za mashambani tunazo. Bado zipo. Tunachohitaji ni zisizibwe kwa kuta za mabwana wenye viwanja, maana kila mwaka kijia kimoja kinakutana na geti jipya.

Wala sitaki mradi wa kitalii wenye kibao, tiketi na mlinzi. Naujua mwisho wake: mgeni atapita na mgema atafukuzwa, kwa kisingizio kwamba madumu yake yanaharibu mandhari. Njia ikitengenezwa, itengenezwe kwanza kwa yule aliyebeba mzigo. Mimi nisiyebeba kitu nitapita nyuma yake bila taabu. Na akina dada watapita pia. Wengi wananiambia baiskeli wanaipenda na buibui halijawahi kuwa shida, linakunjwa. Shida ni matatu inayokuja nyuma ikipiga honi.

Hiyo matatu ndiyo inayonirudisha kwenye mlango. Kutoka kisiwani una njia chache, na zote zina vita. Makupa ni malori ya bandari mpaka Mazeras, na sidhani kama kuna mtu mwenye watoto anayepaswa kuendesha baiskeli pale. Kivuko cha Likoni kinakuvusha vizuri pamoja na waendao kwa miguu, ila ukitua ng'ambo unakutana na barabara ya Ukunda isiyo na pembeni. Kwa safari ya Rabai, mimi humwomba konda aniwekee baiskeli nyuma ya matatu mpaka Mazeras. Hunitoza nauli ya abiria mzima, na baiskeli haijakalia kiti cha mtu. Nalipa. Ni nafuu kuliko hospitali.

Unabaki upande wa kaskazini, Daraja la Nyali. Kutoka darajani mpaka Kengeleni si mbali hata kidogo, na pale kando ya barabara kuna kengele ya Frere Town, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1875 kwa watu waliokombolewa utumwani. Hata kusimama uitazame huwezi, kwa kuwa umebanwa kati ya tuktuk na mtaro. Kaunti ikitaka kuanzia mahali, ianzie kipande hicho. Isituchoree mstari wa rangi, maana mstari wa rangi matatu huugeuza kituo siku hiyo hiyo. Ijenge ukingo wa zege wa kimo cha goti, upana wa baiskeli mbili zenye madumu, kutoka darajani hadi Kengeleni, kisha Bamburi, kisha Mtwapa. Baada ya Mtwapa hatuhitaji kujengewa chochote.